Anayezuiwa Mlangoni Siye Mwizi

Muulize mwandika programu yeyote wa Python afanyeje objekti yake inapogoma kufungashwa, na jibu utalipata kabla hujamaliza swali: tafuta sifa inayokataa, itoe ndani ya __getstate__, endelea na kazi. Jibu hili nimelisikia Dar es Salaam, nimelisikia kwa wenzetu wa Nairobi, na mimi mwenyewe nimelitoa mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri. Limekuwa panadoli ya kila homa. Nasema ni jibu baya, na ubaya wake uko hapo hapo linapofanya kazi, maana hitilafu inanyamaza na mtu anaenda kulala.

Kwa asiyeshinda na mambo haya, niseme kwa ufupi. Objekti huishi ndani ya kumbukumbu ya kompyuta. Mashine ikizimwa, nayo imekwisha. Kuifungasha ni kuigeuza kuwa msururu wa baiti unaoweza kuandikwa kwenye faili au kutumwa kwenye kompyuta nyingine, kisha baadaye furushi likafunguliwa na objekti ikarudi. Katika Python moduli ya kazi hiyo inaitwa pickle, yaani achari. Mwenye klasi anapewa nafasi ya kuchagua. Akiandika methodi iitwayo __getstate__, kile inachorudisha ndicho kitakachoingia kwenye furushi. Akiandika __setstate__, hiyo ndiyo itakayopokea furushi siku ya kulifungua. Ubishi wangu wote uko kwenye ile ya kwanza: unachagua kwa kigezo gani?

Wengi wanachagua kwa kigezo cha ukubalifu. Kinachokubali kubanwa kinabaki, kinachokataa kinatolewa. Hakuna mtu Unguja anayechagua maembe ya achari kwa kuangalia lipi linapita mdomo wa chupa.

Mwaka juzi kijana mmoja ninayefanya naye kazi alikabidhiwa programu ya duka la jumla la vipuri vya magari. Wateja wake wengi wako mikoani. Oda ikiwa tayari, duka linamtumia mteja ujumbe wa simu. Jumbe zilizoandikwa jioni zilisubiri kwenye foleni mpaka saa mbili asubuhi, kwa sababu mwenye duka hakutaka watu wasumbuliwe usiku. Tatizo lilikuwa umeme. Ukikatika saa saba za usiku, kompyuta inazimika na foleni inapotea. Kijana akaamua jambo la busara: kila jioni objekti ya mtuma ujumbe ifungashwe kwenye faili, na asubuhi ifunguliwe iendelee pale ilipoishia.

Alipojaribu akakutana na maneno ambayo kila mtu wa Python ameshayaona: cannot pickle '_thread.lock' object. Kufuli hili halifungashiki. Akaja kwangu amekunja uso. "Kaka, mimi kufuli sijaandika popote." Na kweli hakuandika. Akaulizia kwa wenzake, wakampa ile panadoli. Akaandika kitanzi kidogo cha kupitia sifa za objekti moja baada ya nyingine na kujaribu kufungasha kila moja peke yake, wakajitokeza wakosaji watatu: foleni, uzi unaotuma jumbe kwa nyuma, na lambda ya kusafisha namba za simu, ile inayoondoa sifuri ya mbele na kuweka 255. Akaandika hivi:

def __getstate__(self):
    hali = self.__dict__.copy()
    del hali["foleni"]
    del hali["uzi"]
    del hali["safisha_namba"]
    return hali

Ndani ya __setstate__ akaunda foleni mpya, uzi mpya na lambda nyingine. Hitilafu ikaisha. Tukampongeza. Nasema tukampongeza kwa kuwa nami nilikuwamo.

Sasa rudi kwenye del ya kwanza. Foleni ndiyo iliyobeba jumbe. Klasi ya queue.Queue imejengwa ili nyuzi nyingi zitumie foleni moja bila kugombana, kwa hiyo ndani yake mna kufuli, na ndilo lile ambalo kijana hakuliandika. Kitu pekee kilichofanya faili lihitajike ndicho kilichotupwa nje. Usiku wa kwanza umeme ulipokatika, programu iliamka asubuhi, ikafungua faili bila kulalamika, ikajiundia foleni tupu, ikaandika kwenye kumbukumbu zake kwamba hakuna la kutuma. Jumbe 46 zilikuwa zimekwenda na maji. Tulijua siku tatu baadaye, fundi mmoja wa Morogoro alipopiga simu kuuliza kama gia boksi yake imefika.

Basi ndani ya faili kulikuwa na nini? Maana lilikuwa la megabaiti 11, na ujumbe hata mmoja halikuwa nao. Mtuma ujumbe alikuwa na sifa iitwayo duka. Duka lina orodha ya wateja wote. Kila mteja ana oda zake zote tangu mfumo uanze kutumika. pickle ikishika objekti moja hufuata kila inachokishikilia, na kila kinachoshikiliwa na hicho, mpaka mwisho wa ukoo. Majina, namba za simu, madeni, vyote vilikuwamo. Pamoja navyo ulikuwamo ufunguo wa huduma ya SMS, ule unaomwezesha yeyote aliye nao kutuma ujumbe kwa jina la duka na kwa gharama ya duka. Ufunguo ule ni herufi 40 na ushee. Herufi hazigomi. Kwa miezi miwili faili hilo lilinakiliwa kila Ijumaa kwenye flashi pamoja na mafaili mengine, kwa ajili ya usalama.

Mlinzi wetu wa mlangoni, yaani kule kukataa kwa pickle, basi, alimzuia mwenye shughuli nje akawapitisha wengine wote na mabegi yao.

Watetezi wa panadoli wataniambia kijana alizembea: angeangalia foleni ina nini kabla ya kuifuta. Sawa, angeangalia. Lakini nani alimfundisha aanzie kwenye ujumbe wa kosa? Sisi. Tulimpa njia ambayo swali lake la kwanza ni "nani amekataa?", na swali hilo halina uhusiano wowote na lile alilohitaji kuuliza, yaani "asubuhi nitahitaji nini?" Kukataa kufungashwa ni tabia ya aina ya kitu. Kufuli, soketi na faili lililofunguliwa vinakataa kwa sababu maana yake iko ndani ya mchakato unaoendelea sasa hivi, mikononi mwa mfumo endeshi. Ukivipeleka kwingine vimekufa. Lambda inakataa kwa sababu nyingine kabisa: pickle haihifadhi msimbo wa funksheni, inahifadhi anwani yake tu, jina la moduli na jina la funksheni, na lambda haina jina la kutafutiwa. Hakuna hata sababu moja kati ya hizo iliyotungwa kwa kufikiria wateja wako, siri zako, au ukubwa wa diski yako. Nenosiri linapita. Namba ya kitambulisho inapita. Nakala nzima ya hifadhidata, ukiwa umeisoma ukaiweka kwenye orodha, inapita na haitoi sauti. Kikulacho ki nguoni mwako, na Python haipekui nguo.

Isitoshe, mpaka wenyewe hautulii. Objekti za Logger zilikuwa zikikataa kufungashwa. Tangu Python 3.7 zinakubali, kwa kuhifadhi jina tu. Aliyekuwa akizifuta kwa sababu zinakataa alibaki na del isiyo na sababu. Aliyeanza baada ya hapo hakuwahi kujua palikuwa na swali. Kuna pia lile la msimbo unaokwenda vizuri kwenye seva ya Linux na kugoma kwenye laptopu ya Windows, ambalo limewapotezea watu wikendi nzima nzima. Moduli ya multiprocessing kwa miaka mingi ilizaa michakato ya Linux kwa kuigawa iliyopo, mtoto akarithi kumbukumbu ya mzazi bila kufungasha objekti zake. Windows huanzisha mchakato mpya kabisa, kwa hiyo kila kinachotumwa lazima kifungashwe. Mac nayo ilihamia utaratibu huo kuanzia Python 3.8, na Python 3.14 ikabadilisha mazoea ya Linux yenyewe. Programu ile ile, objekti ile ile, na jibu la "nani anakataa" linabadilika kwa mashine na kwa toleo. Ukiacha uchaguzi wako uamuliwe na mpaka huo, umewakabidhi watunzaji wa lugha kazi ya kuamua duka la vipuri lihifadhi nini.

Hoja inayotolewa kwa kujiamini zaidi dhidi yangu ni kwamba nyaraka rasmi za Python zenyewe zinafundisha kufuta. Ni kweli. Mfano uliomo humo ni wa klasi iitwayo TextReader, inayosoma faili la maandishi na kuhesabu mistari. __getstate__ yake inachukua nakala ya __dict__ na kufuta sifa ya file. Nimeona mfano huo umenakiliwa kwenye miradi ambayo waandishi wake hata jina la sifa hawakujisumbua kulibadilisha. Lakini usomwe mpaka chini. Baada ya kufuta kuna __setstate__, na hapo ndipo kazi ilipo: inarudisha jina la faili na namba ya mstari, inalifungua faili upya, inasoma mstari kwa mstari mpaka inafika pale ilipoachia, ndipo inamkabidhi mtumiaji objekti. Mwandishi wa mfano ule alijua sifa zake zote tatu kwa majina, alijua ni ipi chombo na zipi ni habari, na alijua chombo kinajengwaje tena kutokana na habari. Kwa klasi ya sifa tatu iliyoandikwa na mtu mmoja asubuhi moja, kufuta na kutaja ni kitu kimoja. Klasi yako ina sifa 19 na imepitia mikono ya watu wanne, wawili kati yao wameshaacha kazi.

Watu wanachukua nusu ya juu ya mfano na kuiacha ya chini. Wengine hata hiyo ya juu hawaichukui yote: wanaandika hali = self.__dict__ bila .copy(), kisha wanafuta. Hapo hawajagusa furushi peke yake, wameichuna objekti iliyo hai. Inafungashwa vizuri, na dakika mbili baadaye programu inayoendelea inalalamika haina foleni. Mtu anatafuta kosa kwenye kufungua furushi wakati kosa lilifanyika kwenye kufunga.

Kuna ushahidi mwingine ambao kwangu unamaliza kesi hii, na nashangaa hautajwi. Python 3.8 ilileta cached_property: unaandika methodi, mara ya kwanza inapoulizwa inafanya hesabu, jibu linahifadhiwa, mara ya pili halihesabiwi tena. Wengi huitumia kwa vitu vizito, kama muunganisho wa hifadhidata. Jibu hilo linahifadhiwa wapi? Ndani ya __dict__ ya objekti, kwa jina lile lile la methodi. Fikiria sasa klasi ya ripoti yenye cached_property iitwayo muunganisho. Asubuhi objekti inaundwa na kufungashwa kabla ya yeyote kuugusa muunganisho: inakubali. Mchana mtu anabonyeza kitufe cha kuonyesha jumla, muunganisho unaamshwa, unaingia kwenye __dict__, na jioni kufungasha kunakataa. Hakuna mstari wa msimbo uliobadilishwa. Majaribio yote yanapita, kwa kuwa majaribio hufungasha objekti mbichi. Mwenye kufuta atafanya nini? Ataongeza del hali["muunganisho"], na kesho asubuhi, objekti ikiwa haijaguswa, del hiyo itatupa KeyError kwa sababu jina halipo. Kisha atageukia hali.pop("muunganisho", None), na ukishafika kwenye pop yenye None ujue umeanza kuandika programu kwa funika kombe mwanaharamu apite. Na bado huo ni mfano wa kitu kinachokataa. Kama kilichohifadhiwa ni jedwali la safu laki mbili, hakikatai. Furushi linanenepa tu, baadhi ya siku.

Anayetaja vinavyobaki hana habari na yote hayo. Muunganisho uamke usiamke, haumo kwenye orodha yake.

Nimetamka neno "anayetaja", kwa hiyo nieleze ninachotetea. __getstate__ iorodheshe kwa majina kinachohifadhiwa, na kila kisichotajwa kisiende. Ya mtuma ujumbe wetu, tulipoiandika upya, ilikuwa hivi:

def __getstate__(self):
    with self.foleni.mutex:
        jumbe = list(self.foleni.queue)
    return {"toleo": 1, "jumbe": jumbe, "jina": self.jina}

Ona kwamba hakuna hata sifa moja yenye matata iliyofutwa, na foleni iliyokataa ndiyo iliyotoa kilicho muhimu, kwa umbo la orodha ya kawaida. Ufunguo haumo, asubuhi unasomwa kutoka kwenye mpangilio wa mashine kama unavyosomwa programu inapoanza siku nyingine yoyote. Duka halimo, na kila ujumbe tuliugeuza uwe na namba ya simu na maneno, basi. Kufuta kusingeweza kutufikisha hapo hata tungefuta mpaka kesho, kwa sababu kilichotakiwa kuhifadhiwa hakikuwa sifa iliyopo. Kilitakiwa kutengenezwa.

Kuna hoja moja dhidi ya njia yangu ambayo siidharau. Anayetaja, wanasema, atasahau. Leo sifa ni tatu, kesho mwenzako anaongeza ya nne, hajui habari za __getstate__ iliyoko mistari 200 chini yake, na data ya sifa hiyo inapotea kila furushi linapofunguliwa. Anayefuta hapotezi kitu, sifa mpya inaingia yenyewe. Ni kweli, na imeshanitokea. Urithi wa klasi unaikoleza: klasi mtoto inaongeza sifa zake, __getstate__ ni ya mzazi, na mzazi hawajui wajukuu.

Lakini pima hasara mbili hizo. Kwa anayetaja, sifa mpya iliyosahauliwa inakosekana. __init__ haiitwi furushi linapofunguliwa, kwa hiyo sifa haipo kabisa, na wa kwanza kuigusa anapata AttributeError yenye jina lake. Anapigiwa kelele. Kwa anayefuta, sifa mpya iliyosahauliwa inavuja, na kuvuja hakuna kelele. Utakuja kuambiwa na mtu wa nje. Kisha kusahau kuna dawa ya mistari michache. Weka kwenye klasi orodha mbili, ya majina yanayohifadhiwa na ya yanayoundwa upya, halafu andika jaribio linalodai kwamba vars ya objekti isiwe na jina lisilo kwenye mojawapo. Mwenzako akiongeza sifa ya nne, jaribio linagoma na kumuuliza hii iende wapi. Analazimika kufikiri kwa sekunde 10. Mtetezi wa kufuta hana jaribio la namna hiyo, kwa sababu kwake kila kisichotajwa kina ruhusa.

Wapo pia wanaokimbilia maktaba zenye misuli, dill na cloudpickle, ambazo zinabeba hata lambda. Mpagazi akikataa mzigo, tafuta mwenye mabega mapana. Sina ugomvi na cloudpickle ikiwa kwenye kazi yake: kupeleka funksheni kwenye mashine nyingine ikafanye hesabu dakika hii, pande zote mbili zikiwa na toleo moja la Python. Watunzaji wake wenyewe wanaonya isitumike kuhifadhi vitu vya muda mrefu. Anayeichukua ili kunyamazisha kosa la kuhifadhi amepunguza idadi ya wanaozuiwa mlangoni, na mwizi hajamgusa.

Tuangalie nje ya duka letu kidogo, maana nimeambiwa mara mbili kwamba ninachodai ni nadharia ya vitabuni. Maktaba ya requests, ambayo huenda unayo kwenye mashine yako sasa hivi, ina klasi ya Session iliyojaa mambo ya mtandao. Fungua msimbo wake: kuna orodha iitwayo __attrs__ yenye majina kama headers, cookies na auth, na __getstate__ inachukua hayo tu. Ndiyo, auth imo, na kwa kazi nyingi ningependa isiwemo. Lakini nimeiona kwa kusoma orodha, sikuhitaji kuipekua kwenye baiti, na ninaweza kubishana na aliyeiweka. Kwa upande wa PHP, methodi ya __sleep tangu mwanzo ilitaka urudishe majina ya sifa zinazobaki. Lugha iliwapa watu njia sahihi mkononi. Wakafanyaje? Wakachukua majina yote kwa get_object_vars, wakayatoa wasiyoyataka kwa array_diff, wakarudisha mabaki. Mtu amejengewa mlango akaamua kupita dirishani, kwa kuwa objekti ya muunganisho wa hifadhidata, PDO, ilikuwa imemgomea na ujumbe wa kosa ulikuwa umetaja PDO peke yake.

JSON nayo huwa inalaumiwa hapa kwa ukali wake: ukiipa objekti yako inakuambia haiijui, mpaka uigeuze mwenyewe kuwa kamusi na orodha. Ukali huo ni orodha ya kutaja iliyojengwa ndani. Kwa chochote kinachotoka nje ya programu yako ningeanza nayo, hasa ukikumbuka kwamba furushi la pickle likifunguliwa linaweza kuendesha msimbo wowote aliouweka aliyelifunga, na __getstate__ yako, iwe ya kufuta au ya kutaja, haina usemi juu ya furushi lililofungwa na mtu mwingine.

Sasa, kosa linapotokea, mtu aanzie wapi? Mimi siku hizi naanzia kwenye kufungua. Nachukua furushi la mwisho lililofanikiwa, nalifungua kwenye mchakato mpya kabisa ambao haujui lolote, na kuangalia kama objekti inayorudi inaweza kufanya kazi moja ya kweli: kutuma ujumbe, kuchapa ripoti. Kufungua ndani ya mchakato ule ule uliofunga hakuthibitishi kitu, kwa kuwa klasi zote na moduli zote ziko tayari mezani. Kwa mfano, klasi iliyoandikwa kwenye faili lililoendeshwa moja kwa moja inajulikana kama ya __main__ na kesho, ikiitwa kutoka faili jingine, haipatikani. Hapo pia utakutana na lile kosa la mzunguko usioisha, ambalo ukiliona mara ya kwanza unadhani kompyuta imerogwa. Klasi ina __getattr__ inayotafuta majina ndani ya self._data, objekti inayofunguliwa bado haina _data, pickle inaiuliza kama ina __setstate__, __getattr__ inaamka, inatafuta _data, haipo, inajiita yenyewe, na kuendelea mpaka Python inakata tamaa. Hakuna sifa iliyokataa. Kila kitu kilifungwa salama. Anayetafuta mkosaji kwa kitanzi cha kufungasha sifa moja moja atakesha.

Kitanzi chenyewe sikikatazi. Kinakuambia kufuli liko wapi, na Python 3.14 imeongeza kwenye ujumbe wa kosa maelezo ya mahali kilipokwamia, jambo jema. Chukua habari hiyo kama unavyochukua habari ya mlinzi: fulani yuko mlangoni. Kama aingie au asiingie, mwenye nyumba ni wewe. Halafu pima ukubwa wa faili na ulifungue kwa pickletools.dis, au hata utafute tu neno la siri lako ndani ya baiti zake. Inachukua dakika mbili. Kama tungefanya hivyo wiki ya kwanza, megabaiti 11 za foleni ya jumbe 46 zingetosha kutushtua.

Faili la sasa lina kilobaiti 6 na jumbe zote zimo. Ufunguo wa SMS tuliubadilisha siku ile ile tuliyolipekua la zamani. Flashi ya nakala za Ijumaa tuliitafuta dukani, nyumbani kwa mwenye duka na kwenye gari lake, na haijaonekana mpaka leo.